Madoa ya Maji kwenye Boneti, na Mama Tausi Yuko Dumila

Kwa heshima na masikitiko makubwa, nawatangazia wafuasi wote wa ukurasa huu kwamba boneti ya gari langu imeota madoa meupe ya maji, na hayatoki. Taratibu za msiba mtajulishwa. Admin, nifiche jina tafadhali, majirani zangu wa Mafiga wamo humu na hawana huruma.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tatu, kitambi kiasi, nywele zimeanza kuhama. Gari langu ni jeusi, la zamani, na nyumbani tunatumia maji ya kisima yenye chumvi. Miaka yote tumeliosha wawili: mimi nasugua na kumwaga maji, mke wangu anafuata nyuma na khanga kuukuu, anakausha kabla jua halijamuwahi. Akikuta nimeruka sehemu anasema, "Baba Tausi, hapa umeosha au umepasalimia tu?"

Kisha binti yetu akajifungua huko Dumila, mama yake akaenda kulea mzazi, arobaini ikiisha arudi. Arobaini iliisha. Mjukuu sasa anatembea na kuvunja vikombe, binti amerudi kwenye biashara yake ya vitunguu barabarani, na bibi ndiye anayebaki na mtoto. Dumila si mbali, najua. Lakini mimi ni baba mkwe. Nikienda nakalishwa sebuleni na soda mkononi, mkwe wangu kanyoosha mgongo kama yuko kwenye usaili, na kulala pale siwezi. Mke wangu namwona akipita na beseni.

Siku moja nikaosha gari peke yangu, jua kali. Nikiwa upande huu, ule mwingine unakauka. Yakabaki madoa kama mtu kanirushia chokaa. Sabuni haikufua dafu. Nikampigia.

"Birika langu likishika ukoko huwa nalifanyaje?" akaniuliza.

"Unalitia siki."

"Basi ndiyo hivyo hivyo. Lisogeze kivulini lipoe. Siki na maji, nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa kidogo tu, usiende kusinzia ukakisahau. Halafu suuza kwa maji ya mvua, ukaushe."

Tuliongea mpaka sikio likapata moto. Kabla ya hapo simu zetu zilikuwa salamu, umekula, haya.

Kesho yake akapiga mwenyewe. "Madoa vipi?" Nikasema yamegoma. Akacheka sana. "Umeosha au umeyasalimia?" Tangu hapo kila jioni anapiga kuulizia madoa. Yakiisha boneti, nayahamishia mlangoni.

Juzi kasema, "Jumamosi nakuja kuyatoa mwenyewe. Sasa yananitia wasiwasi."

Ukweli ni huu. Madoa yalitoka siku ile ile, kama alivyonielekeza. Boneti inang'aa, mawingu ya Uluguru unayaona mle ndani. Nilimdanganya kwa sababu, baada ya miaka yote hii, sikujua namna ya kumwambia mke wangu kwamba nyumba imenishinda kukaa peke yangu. Leo asubuhi nimelimwagia gari maji ya kisima nikaliacha juani, ili akija ayakute. Nikasimama nalitazama linavyokauka, khanga yake iko begani, nikashindwa. Nikalifuta lote.

Nishaurini, ndugu zangu. Jumamosi akifika akakuta halina doa hata moja, nianzie wapi kusema?