Kitoweo cha Mbwa wa Marehemu

Baada ya matanga, mbwa wa mke wangu alisusa kula. Kwanza nilidhani ni madeko. Siku zote za msiba, pale nyumbani kwetu Suji, alikuwa amezurura kati ya masufuria ya wapishi akiokota mifupa na wali wenye mchuzi, nikajua ameshaonja uhondo. "Ugali utaula tu, njaa ikikukamata," nikamwambia. Siku ya nne mbavu zilikuwa zinahesabika, nikaacha ubabe.

Bwana mifugo alipopanda kutoka Same kuja kuchanja ng'ombe, nilimwomba apitie kwangu. Alimfungua mdomo, akambonyeza tumbo, akasema hana ugonjwa.

"Mwekee kitu chenye harufu juu ya ugali, mzee," akaniambia. "Kidogo tu, kimvute. Ila chumvi usitie, wala kitunguu."

Basi nikageuka mpishi wa mbwa, mimi ambaye katika ndoa yangu yote sikuwahi hata kukoroga uji.

Nilianza na dagaa. Niliwanunua gulioni Makanya, nikawatoa vichwa, nikawatwanga kwenye kinu cha marehemu na kunyunyiza unga wao juu ya ugali. Mbwa akanusa, akapiga chafya, akaenda kulala mlangoni mwa jiko. Kesho yake nikamwagia supu ya mifupa. Akaramba mara mbili, kama mgeni anayeogopa kumuudhi mwenyeji. Mtindi aliugusa kwa ncha ya ulimi. Yai la kuchemsha aliwaachia kuku wakalidonoa, na sijui kuku huwaza nini wakati kama huo.

Nilikasirika, nakiri. Nilimtukana mbwa aliyefiwa. Lakini kwa kweli nilikuwa naogopa. Watoto walikuwa wamerudi Dar na Arusha kwenye kazi zao, na pale nyumbani hakuna mwingine aliyebaki aliyeujua mlio wa ndala za mke wangu. Akifa huyu, nabaki peke yangu kabisa.

Nikanunua maini. Niliyachemsha, nikayakata vipande vidogo, nikavitandaza juu ya ugali wa moto humo humo kwenye sufuria. Harufu ikajaa jiko zima, nikakumbuka kwamba sijala. Si asubuhi ile tu. Tangu waombolezaji waondoke nilikuwa naishi kwa chai na muhogo uliopoa, tena nimesimama dirishani, maana sikuwa na wa kukaa naye. Nikajiambia naonja kipande kimoja. Nikavuta kigoda cha mke wangu, nikamega tonge, na kabla sijajitambua nusu ya chakula cha mbwa ilikuwa tumboni mwangu, bila hata chembe ya chumvi.

Nilipoinua macho alikuwa amesimama mbele yangu, masikio juu, mate yanamdondoka. Nikamsukumia sufuria. Alikula mpaka akakwangua ukoko. Na maini nilikuwa nimeyamaliza mimi. Kilichobaki mle kilikuwa ugali mtupu.

Ndipo nilipouona ujinga wangu. Kwetu mbwa hatangulii kula. Mke wangu alikuwa anakaa pale pale jikoni, anakula, anashiba, kisha anamkwangulia sufuria, na hivyo ndivyo alivyomlea tangu akiwa mtoto. Mimi nilikuwa namwekea bakuli nje hata kabla mtu hajala, halafu naenda zangu, narudi kumgombeza. Siku zote zile, kwenye mlango wa jiko, alikuwa anasubiri mtu wa nyumba ile ale kwanza. Nililia, mzee mzima, mikono imejaa ugali.

Siku hizi napika mchana, nakaa, nakula. Dagaa wakiwepo tunakula dagaa. Wasipokuwepo ni makande matupu, naye hana neno. Lakini zipo siku chakula hakipiti kooni. Juzi ilikuwa mojawapo. Nilikaa, nikajifanya natafuna, nikamsogezea sufuria. Akaitazama, akanitazama mimi, akalaza kichwa juu ya miguu yake. Tulikaa hivyo mpaka ugali ukapoa. Mwishowe nikamega tonge, nikalimeza kwa maji. Naye akainuka.