Taa Mbili za Kwenda Mizingani

Asubuhi ile niliamka mtaani Majengo nikiwa sina kazi na sina ugomvi na mtu, na kwangu mambo hayo mawili yakikutana huwa ni ruhusa ya kuondoka. Nilikunja blanketi langu nikamuaga mama mwenye nyumba. Aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia sijui bado.

"Basi ukifika, wasalimie," akasema, akaendelea kufagia.

Nimeishi hivyo tangu nilipoacha shule darasa la sita. Nimepakia magunia ya mahindi, nimeziba pancha, na karibu mwaka mzima nilikaa Kawajense na fundi umeme wa pikipiki, nikimshikia koleo na kumuuliza maswali mpaka siku moja akaniambia nikiweza kunyamaza hadi mchana atanipa chai ya bure. Chai hiyo sikuwahi kuinywa. Nilichotoka nacho kwake ni balbu ndogo ya indiketa niliyoiunga waya mbili, mmoja una kibanio na mwingine una sindano. Ni kifaa cha kupimia moto wa umeme, na kila nilipohama nilihama nacho.

Stendi nilikuta lori la mbolea ya tumbaku linaelekea Inyonga. Dereva alikuwa amelala kidogo usiku na alitaka mtu wa kumwamsha kwa maneno.

"Unajua kupiga stori?"

"Kunyamaza ndiyo sijui."

"Panda."

Tulifika Inyonga jua halijawa kali. Nilinunua chapati, nikawa naila huku nazunguka kutazama mji, ndipo nikaiona mashine mbele ya kibanda cha fundi: pikipiki ya matairi manne, kubwa, rangi yake ya kijani imepauka, ya aina wanayotumia watu wa kambi za uwindaji. Juu yake alikaa mama mmoja wa makamo, kitenge amekifunga vizuri, mikono ameikunja kifuani. Fundi alikuwa amechuchumaa chini, uso umejaa jasho.

"Mama, mimi hapa nimefika mwisho," fundi alisema. "Balbu nimeweka mpya. Swichi nimebadilisha. Hii mashine ina pepo."

"Pepo hali balbu. Wewe ndiyo unazila."

Wateja waliokuwa wakisubiri wakacheka, na fundi naye akacheka. Nikasogea, nikamwamkia mama, akaitikia marahaba bila kunitazama. Nikamuuliza tatizo ni nini.

"Taa. Ukiziwasha zinakuwa nyekundu kama macho ya mlevi. Hazioni hata matairi ya mashine yenyewe." Hapo ndipo aliponitazama. "Wewe fundi?"

"Hapana, mama. Nimekaa na fundi."

"Umekaa tu?"

"Nilikuwa nauliza maswali."

Fundi alisimama, akajifuta mikono. "Mchukue, mama, nakuomba. Mimi na hii mashine tupumzishane."

Mama alifikiri kidogo, akanisogezea nafasi nyuma yake. "Mzee wangu anazisubiri hizi taa tangu mvua zilipokatika," akasema. "Ukishindwa, utamwambia wewe mwenyewe. Mimi nimechoka kuwa mjumbe."

Kwao kulikuwa mbali na mji, mahali mashamba yanapoishia na miombo inapoanza. Njiani alinisimulia kwa sauti ya kushindana na injini. Mume wake alikuwa mfuga nyuki tangu utoto. Misimu miwili nyuma alianguka kutoka kwenye mti wenye mzinga, nyonga ikavunjika, na tangu hapo alitembea kwa fimbo, hatua chache tu. Mizinga yao iko ndani sana porini, mwendo wa nusu siku kwa mguu mzima. Kwa hiyo waliuza tumbaku, wakanunua mashine hii kwenye kambi moja ya uwindaji iliyokuwa inafungwa, na yeye mama, ambaye hakuwahi kuendesha hata baiskeli, akajifunza.

"Asali tunarina jua likizama," alisema. "Mchana nyuki ni wakali, watakutoa macho. Kwa hiyo kurudi ni gizani. Na taa zilivyokufa, tulirudi siku moja tochi nimeibana kwa meno. Tukakuta kichuguu katikati ya njia. Nikapunguza mwendo nikipite pembeni. Kichuguu kikatikisa masikio."

"Tembo!"

"Nikaapa. Bila taa siendi tena. Sasa asali imeiva, nyegere wameshaanza kupasua mizinga, na mzee ananitazama kila siku kama mtoto aliyenyimwa sikukuu."

Mzee huyo tulimkuta amekaa mlangoni kwenye kigoda, mwembamba, fimbo imelala magotini. Pembeni yake palikuwa na bomba la kufukizia moshi, limesuguliwa likang'aa, na ndoo za asali zimepangwa ukutani, kila moja na mfuniko wake.

"Nilikutuma fundi, umeniletea mkwe?" akamwambia mkewe.

"Nimekuletea mtu wa maswali. Mjibu."

Basi nikamuuliza. Taa zilipokufa zilikufa ghafla au polepole? Zote mbili kwa pamoja? Injini inawaka vizuri? Alijibu kwa furaha, kama mtu anayeulizwa habari za ng'ombe wake. Zilikufa zote kwa pamoja. Injini haina shida. Na kitu kimoja cha ajabu, alisema: ukikanyaga breki, zinazidi kufifia.

Nilifungua kiti, nikaifikia betri. Kule Kawajense fundi wangu alikuwa na tabia ambayo sijaiona kwa mwingine. Wengi wakikuta taa haiwaki wanaufuata moto unakokwenda: betri, fyuzi, swichi, balbu. Yeye alianza na njia ya kurudi. Alisema moto ni kama mtu aliyetumwa sokoni, akikosa njia ya kurudi nyumbani safari haijakamilika. Waya huo wa kurudi, mafundi wanauita athi, umefungwa kwa bolti kwenye chuma cha mashine, na chuma ndicho kinachoupeleka moto mpaka betri.

Nilibana kibanio changu kwenye hasi ya betri, sindano nikaigusisha kwenye waya unaoleta moto kwenye taa. Balbu yangu ikawaka vizuri. Nikageuza. Kibanio kwenye chanya, sindano kwenye ule waya mweusi wa kurudi. Balbu ikabaki na utepe mwekundu tu, kama ncha ya sigara.

"Umeona? Moto unafika, kurudi ndiyo hauwezi," nikasema.

"Nimeona umewasha na umezima," mzee alisema. "Endelea."

Nilijilaza chini nikaufuata waya mweusi kwa vidole, kutoka kwenye taa, nyuma ya usukani, mpaka chini ya plastiki ya mbele. Uliishia kwenye bonge la vumbi. Yeyote angedhani ni grisi ya zamani. Nililikwangua kwa kucha, likatoka rangi ya manjano, na likanukia kama kanisani wakati mishumaa imezimwa.

Nikatoka nalo mkononi. Mzee alilitazama, kisha akatazama paa.

"Hii si nta?" mama akauliza.

"Ni nta," mzee akasema.

"Imefikaje huko?"

"Mvua zilikuwa zinaanza. Bolti ile ilikuwa na kutu. Nikaifungua, nikaifuta, nikaizungushia kitambaa chenye nta maji yasiingie. Niliifunga vizuri sana."

Ilikuwa kweli, aliifunga vizuri sana. Kitambaa kilikaa kati ya waya na chuma kama godoro, na kilichokuwa kikipita ni chembe tu za moto kwenye meno ya bolti. Mama alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akacheka mpaka kitenge kikamlegea. Wafuga nyuki hupaka nta ndani ya mzinga mpya ili nyuki wasikie harufu ya nyumbani waingie.

"Baba watoto! Ulitaka nyuki waje kukaa kwenye taa?"

"Wangekaa wangekuwa wanamulika wenyewe," mzee akajibu, lakini masikio yalikuwa yamemwiva.

"Miezi yote hii nawatukana watu wa kambi! Namtukana fundi wa watu!"

"Utamwomba radhi. Mimi nitakusindikiza."

Nilikitoa kitambaa, nikasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, nikakaza bolti. Nikamwambia mama awashe. Mchana kweupe taa hazionekani sana, kwa hiyo mzee alijikongoja na fimbo yake, akasimama mbele ya mashine, akaweka kiganja karibu kabisa na kioo. Mwanga ukamjaa mkononi mpaka kwenye mistari ya kiganja. Akahamia taa ya pili, akaweka kiganja tena, akakiacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilikwenda nyuma ya nyumba kunawa. Mama alinifuata na maji kwenye kopo, akawa ananimiminia. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Mwanangu, nikwambie kitu. Mimi sikuwa na haraka na hizi taa."

Nikaendelea kusugua mikono.

"Kila fundi aliposhindwa nilikuwa nanuna mpaka nyumbani, lakini moyoni napumua. Mizinga mingine nimemshushia, nimeining'iniza kwa waya usawa wa kifua, anarina amesimama. Lakini ile ya magogo, ya baba yake, iko juu bado. Namjua huyu mtu. Akifika chini ya ule mti atapanda. Na akianguka tena, mimi peke yangu kule porini, nitambeba na nini?"

"Sasa kwa nini umenileta?"

Alimimina maji yaliyobaki, akaligeuza kopo.

"Jana aliziosha zile ndoo tena. Hazikuwa chafu."

Jua lilipoanza kuinama walijiandaa. Mzee alivaa suruali mbili na koti la mvua, akafunga ndoo nyuma ya mashine kwa mpira, akaweka gunia juu yake. Alifanya yote mwenyewe, akishika mashine kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, na alitukataza kumsaidia. Mama alisimama mbele yake.

"Utapanda?"

"Sitapanda."

"Niambie tena."

"Mke wangu, nitapandaje na mguu huu? Nitarina ya chini tu. Ile ya juu nitaisalimia."

Mama alimtazama. Kisha akazunguka nyuma ya mashine, akainua gunia, akaingiza mkono kati ya ndoo, akaivuta taratibu kamba ndefu ya kupandia, nyeusi kwa jasho la miaka, imekunjwa vizuri kabisa.

"Na hii inakwenda kusalimia nani?"

Mzee alinitazama mimi, kana kwamba naweza kumwokoa. Nikainama nikakaza bolti ambayo ilishakazwa.

"Imezoea kwenda," akasema mwishowe. "Nikaona vibaya kuiacha."

Nilidhani mama atamgombeza. Badala yake alimsogelea, akamfunga vifungo vya koti mpaka juu shingoni, kimoja kimoja, polepole.

"Safari hii inabaki," alimwambia. "Wewe uende, urudi."

"Sawa."

"Sawa ya kweli?"

"Sawa ya kweli, mama watoto."

Mama akanigeukia, akaniwekea kamba mikononi. Nilikuwa nimeshachukua blanketi langu, nikijua nitatembea kurudi mjini kutafuta gesti.

"Weka hilo blanketi chini. Unakwenda wapi jua linazama? Chumba ni kile cha pili, godoro liko, chandarua kiko. Maharage yako jikoni, usiyaache yaungue. Na hii kamba tukirudi nikute unayo."

"Lakini mama, hamnijui."

"Umelala chini ya mashine yangu mchana kutwa," alisema. "Nakujua mpaka soli za viatu."

Mzee alipanda nyuma yake, akaushusha mguu mbaya kwa mikono miwili, akamshika mkewe kiunoni. "Kijana," akaniambia, "usiisikilize hiyo kamba ikikuomba uipeleke mtini." Mama akapiga stata. Walipofika kwenye miti ya kwanza, palipokuwa na kivuli, aliwasha taa, na mashina ya miombo yakatokea meupe moja baada ya jingine mbele yao. Mzee aliinua mkono juu bila kugeuka. Nilisimama uani mpaka sauti ya injini ikaniishia, nikaingia ndani na kamba begani, nikaenda kuyatazama maharage.