Vigelegele Vitano vya Nyumba Tupu

Kwetu mtoto wa kiume hupigiwa vigelegele vitano, wa kike vitatu. Hakuna mama wa huku mlimani asiyejua hivyo. Ukiwa shambani ukasikia sauti kutoka ng'ambo ya bonde, unahesabu, unajua jirani amepata nani, kisha unaanza kufikiria kuni za kumpelekea. Sisi tulipigia jengo vigelegele vitano. Nilikuwepo, nilipiga vyote, na hadi leo nikikumbuka koo linawaka.

Jengo lenyewe lilikuwa wodi ya akina mama kujifungulia, iliyojengwa kando ya zahanati yetu huku juu kwenye mashamba ya chai. Kutoka kwetu hadi Nyeri mjini si mbali kwa pikipiki, ila mvua ikinyesha hiyo barabara hugeuka uji. Siku ya ufunguzi mjumbe wetu wa kaunti alikuja na mahema, viti vya plastiki na spika za kutikisa mabati. Alikata utepe mwekundu, akavuta pazia dogo ukutani, na nyuma yake palikuwa na jiwe lililochongwa jina lake. Akashika maikrofoni. "Akina mama, mlilia mkitaka mtoto. Leo mtoto amezaliwa!"

Nani angenyamaza? Tulicheza mpaka vumbi likatuingia puani. Tukapiga vitano, nadhani kwa sababu ya ukubwa wa jengo.

Kesho yake wodi ilikuwa na kufuli. Hakukuwa na wa kuifanyia kazi. Zahanati ilikuwa na nesi mmoja tu, mama mwenye subira aliyedunga sindano, akapima watoto uzito, akafunga vidonda na kufagia mwenyewe, na jua likianza kuteremka alifunga mlango akaenda kwake, na ilikuwa haki yake, kwani naye ana watoto. Tukaambiwa tungoje, wauguzi wa wodi wanakuja. Tukangoja. Watu wa huku tunasifiwa kwa bidii ya kazi, lakini kungekuwa na mashindano ya kungoja serikali, kombe lingekuwa letu kila mwaka.

Uchungu ulimshika mke wa mwanangu jioni moja ya mvua, wakati watu wanapeleka maziwa. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mwanangu alikuwa kazini Kangari, kwenye kiwanda cha chai, kwa hivyo tulikuwa mimi na yeye. Nilimpeleka zahanati nikijua nitakachokuta, kama mtu anayepapasa mfuko ambao ameshaupapasa. Kufuli. Jiwe lenye jina lilikuwa limeoshwa na mvua, linang'aa. Jirani akatutolea pikapu yake ya kubebea kabeji, tukamlaza nyuma chini ya turubai, tukashika njia ya mjini.

Hatukufika. Kwenye mteremko gari liliteleza likakwama, na mtoto alizaliwa pale, juu ya majani ya kabeji, mimi nikimshikilia mama yake kwa mkono mmoja na turubai kwa mkono wa pili. Alikuwa msichana. Alilia mara moja tu. Nilifanya kila nililojua, na nililojua halikutosha. Kuna watu wamesomea jambo hilo miaka mingi na kazi yao ni kujua linalofuata, na mmoja wao alipaswa kuwa nyuma ya ule mlango wenye kufuli.

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Tulimzika karibu na migomba, chini ya nyumba, na hakuna aliyepiga kigelegele hata kimoja. Jengo tupu lilipata vitano.

Hapo hasira ikawa kazi yangu ya pili. Ya kwanza ni kuuza nguo za mitumba sokoni Majengo, huko mjini, na niseme ukweli, ya pili niliifanya kwa bidii zaidi. Niliwakusanya akina mama wa chama chetu, tukawa tunahudhuria kila kikao ambapo kaunti ilisema inataka maoni ya wananchi kuhusu afya. Tuliomba jambo moja, halikuwa gumu: wauguzi wa wodi, mchana na usiku, na liandikwe kwenye mipango ya kaunti ili lisitegemee huruma ya mtu. Tulikaa chini ya mahema, tukaombewa sala ya kufungua, tukasomewa kurasa, tukaombewa sala ya kufunga.

"Mimi niko na swali," nilisema siku moja baada ya kupewa maikrofoni na kutaja jina langu, maana kila anayesimama lazima ajitambulishe. "Hiyo wodi yetu itafunguliwa lini?"

Kijana wa tai aliyekuwa mbele akatabasamu. "Shosho, hiyo maneno iko kwa mchakato."

"Huyo Mchakato ni nani? Ni yeye ako na funguo?"

Watu walicheka hadi wengine wakafuta machozi. Nilipigiwa makofi, nikapewa chai na mandazi. Nikarudi nyumbani nimeshiba na sina kitu. Mara ya pili nikauliza vilevile, mara ya tatu pia, na wale vijana wa tai wakaanza kunisalimia kwa jina mlangoni kama jamaa yao. Walinizoea. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko kufukuzwa, kwamba uchungu wetu ulikuwa umepewa kiti chake kwenye kikao, pale kati ya sala na mandazi.

Kisha mke wa mwanangu akashika mimba tena. Badala ya furaha, nyumba iliingia baridi. Alianza kuzunguka na mfuko mdogo wenye shuka na nguo za mtoto, hata akienda kuchuma chai aliuweka mahali anapouona. Akasema anataka kwenda kukaa Skuta, huko mjini, kwa binamu yake, karibu na hospitali, miezi yote iliyobaki. Binamu alikuwa na chumba kimoja, mume na watoto.

"Mama," aliniambia, hakuinua macho kutoka kwa viazi alivyokuwa akimenya, "mimi hiyo barabara sirudi. Wacha nife hapa kwa nyumba, lakini hiyo barabara sirudi."

Nilikwenda Majengo siku hiyo nikiwa sitaki kusalimiwa. Jirani yangu pale sokoni ni mama Mwislamu ambaye huuza kaimati na viungo vya chai karibu na msikiti. Alizaliwa Majengo, mama yake pia, lakini hupenda kutuita "nyinyi watu wa mlimani" kama mgeni aliyekuja jana kutoka mbali. Nilimsimulia yote. Alinisikiliza akigeuza kaimati kwenye mafuta.

"Sasa nyinyi watu wa mlimani mna makosa," akasema. "Mlipiga vigelegele kabla ya kuona mtoto. Nani hufanya hivyo?"

"Tulidanganywa."

"Haya, mmedanganywa. Lakini si mmeshapiga? Kwenu mkishapiga, huwa mnafanya nini?"

"Tunapeleka kuni na uji kwa mzazi."

"Na mzazi?"

"Anakunywa uji. Kisha anatuonyesha mtoto."

Alinitazama, akarudia kaimati zake. Nami nilibaki nimeshika sweta ya mteja mkononi, mteja akiuliza kama ninauza au sitaki.

Siku tuliyokubaliana, tulishuka mjini akina mama wa chama chote. Kila mmoja alikuwa na mzigo wa kuni mgongoni, ukanda umepita kichwani, kama mama zetu walivyobeba. Wengine walikuwa hawajabeba kuni kwa njia hiyo tangu wasichana, walilia shingo njia nzima na kuilaani serikali kwa pumzi zilizobaki. Tulikuwa na uji wa mawele uliochacha vizuri, ndani ya vibuyu. Tukafika kwenye ofisi ya mjumbe, tukatua kuni mlangoni, kuni juu ya kuni, hadi askari wa getini akakosa pa kusimama. Kisha tukapiga vigelegele vitano.

Mjumbe alitoka mbio akidhani kuna moto. Ni mtoto wa huku, mama yake tulichuma chai pamoja. Alipoona kuni na vibuyu alielewa mara moja, niliona uso wake ukielewa. Mkubwa wetu, mama mwenye wajukuu wakubwa kuliko yule mjumbe, alimimina uji kwenye kata akamnyooshea.

"Ulituambia umezaa. Tumekuja kukuona."

Kukataa uji ulioletwa na akina mama wa rika la mama yako, huku ni kujitafutia laana, na mtu wa siasa anaogopa laana kuliko anavyoogopa uchaguzi. Angalikuwa mgeni kutoka mbali angalicheka akatuambia tuandike barua. Lakini yeye alipokea kata kwa mikono miwili. Alikunywa yote. Aliifuta midomo, akajaribu kutabasamu.

"Uji ni mtamu, akina mama."

"Asante, mwanangu," mkubwa wetu akasema. "Sasa tuonyeshe mtoto."

Hakuwa na njia. Tulipanda naye hadi zahanati, sisi tumejazana kwenye lori la mbao nyuma ya gari lake. Funguo hazikujulikana zilipo, mchakato ulikuwa umezipoteza, kwa hivyo kufuli likavunjwa kwa shoka la mmoja wetu. Mlango ulipofunguka tuliyaona mahema. Yale yale. Mahema ya vikao vya maoni, yamekunjwa na kurundikwa hadi darini, na viti vya plastiki vimepangwa juu ya kitanda cha kuzalishia ambacho bado kilikuwa kwenye nailoni yake. Nilikuwa nimeketi kwenye vile viti, chini ya mahema hayo, nikiulizia wodi hii. Nilitaka kumpiga mtu na nilimpiga, nilimpiga mjumbe begani kwa kata ya uji niliyokuwa bado nayo, na hakuna aliyenizuia, hata yeye hakusogea.

Mahema yaliondolewa siku hiyohiyo. Kabla ya mwezi kuisha nesi wa wodi alifika, msichana mchangamfu mwenye mikono ya kazi. Mmoja. Wa mchana. Wa usiku, tuliambiwa, yuko kwenye mchakato.

Mjukuu wangu alizaliwa mchana, saa ya chakula, kwenye kitanda kile kilichotolewa nailoni. Alikuja amejifunga kitovu shingoni, rangi yake si ya kuzungumziwa, na yule nesi akajua linalofuata. Mvulana. Nilipiga vigelegele vitano mlangoni na cha tano kilitoka kama kilio. Nilikuwa na furaha, mwenye kuniona asingejua, kwa sababu kichwani nilikuwa naendelea kuwaza: kama angechagua jioni?

Tulipomleta nyumbani, akina mama walikuja na kuni na uji, ngoma ikawa ya haki. Na baada yao akaja mjumbe. Alikuja na mkate na sukari, kama mgeni mwenye adabu, na nyuma yake kijana mwenye kamera kubwa. Alisema amekuja kuona mtoto wa wodi yetu. Niliona tayari picha ilivyokusudiwa, yeye amempakata mjukuu wangu, imebandikwa kila nguzo ya stima kutoka hapa hadi mjini. Lakini mila ni mila. Mgeni aliyekuja na mkate hawezi kukataliwa kuona mtoto, na yeye alilijua hilo kama tulivyojua sisi habari za uji.

Mke wa mwanangu alikuwa ameketi akinyonyesha. Katika safari zote za vikao hakuwahi kusema neno mbele ya watu. Alimtoa mtoto kwenye ziwa, akanipa mimi, akajifunga leso vizuri.

"Mheshimiwa, mimi niko na watoto wawili," alisema. "Mtu huanza na mkubwa."

Akatangulia nje. Mjumbe akamfuata na mkate wake mkononi, akidhani labda kuna mwingine anacheza uani. Tulipita banda la ng'ombe, tukateremka hadi kwenye migomba. Pale mke wa mwanangu alisimama, akamwonyesha kwa kidole pale chini, udongo ulioinuka kidogo, na mawe ya mtoni tuliyouzungushia ili ng'ombe wasikanyage.

Kijana wa kamera aliishusha bila kuambiwa. Mjumbe alivua kofia. Hakukuwa na mahali pa kuweka mkate akabaki ameukumbatia, na mwisho akauliza kwa sauti ya chini, "Aliitwa nani?"

Mke wa mwanangu alinigeukia. Nilikuwa nimembeba yule mdogo, amelala, hana habari. Nilimtajia mjumbe jina langu, kisha nikamuuliza nesi wa usiku anakuja lini.