Kontrola Niliyoificha kwenye Droo

Nakumbuka siku moja, pale Ngara, mzee mmoja alinishika mkono akaupeleka karibu na gurudumu la trela yangu, kisha akaniambia ninyamaze nisikilize kwa ngozi. Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo sikucheka, mwanangu, na nilijua vizuri kwa nini. Nitafika hapo, wazee hatukimbizwi.

Umenijia na swali zuri. Unataka kununua pikapu ya kuvuta trela yetu ya mahema na viti, na umenionyesha picha mbili kwenye simu. Moja imetoka kiwandani na kontrola ya breki za trela ndani ya dashibodi. Ya pili haina, kwa hiyo itabidi ufungiwe kontrola ya kununua dukani. Unataka kujua mimi senje yako, dada ya baba yako, ningechagua ipi. Umesoma maoni ya watu mpaka macho yamekuwa mekundu. Mimi sijasoma hata moja, ila niliwahi kushuka mteremko wa Muthangari na mama yangu kando yangu, na kozi yote niliimaliza hapo.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mfupi wa kimo na mrefu wa maringo. Nilikuwa nimeacha kupikia watu kwenye sherehe na kuanza kukodisha viti na mahema. Nilipopata pikapu na trela ya magurudumu manne, nilijiona nimefika. Trela yenyewe ilikuwa na breki za umeme. Hizo, ukikanyaga breki ya gari, zinangoja kwanza kuambiwa. Wa kuziambia ni kontrola, kiboksi kinachokaa karibu na dereva, kinachosikia gari likipunguza mwendo na kutuma umeme nyuma kwa kiasi hicho hicho. Kina pia kijiti kidogo cha kuvuta kwa kidole, ili dereva aishike trela peke yake ikianza utundu.

Aliyenifungia alikuwa Mzee Wanyonyi, fundi wa umeme wa magari pale Ngara, mtu wa maneno machache na kofia moja. Niliwahi kuona mafundi wengi wakifunga vitu kwa haraka ya kwenda chakula cha mchana. Yeye alileta pimamaji, ile ya fundi wa mawe, akailaza juu ya kiboksi mpaka kikakaa sawasawa, uso ukitazama mbele, chini ya usukani, mahali mkono wangu ungefika bila kutafuta. Kisha akaendesha gari na trela polepole na kusimama, akaendesha na kusimama, nadhani mara ishirini. Baada ya hapo alishuka, akazunguka magurudumu yote manne, akisogeza mgongo wa mkono karibu na chuma cha katikati bila kukigusa, vile mama anavyompima mtoto homa. Gurudumu la tatu lilikuwa baridi, maana yake breki yake haikushika. Akalala chini ya trela, akapata waya uliolegea, akaanza upya. Niliduwaa, mwanangu. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na siku hiyo nilimwona muundaji mwenyewe.

Lakini kuduwaa ni jambo moja na kusikia ni jingine. Wiki chache baadaye nilipeleka viti Westlands, kwa mteja mwenye pikapu kubwa mpya. Ndani yake kontrola ilikuwa imejengwa kwenye dashibodi, ina kioo chake na kitufe chake, hakuna waya hata mmoja unaoonekana. Nilimsifia gari. Alicheka akaniambia, bila ubaya wowote, “Yangu ilikuja nayo. Hiyo yako ni kama umebandika redio ya jikoni.”

Redio ya jikoni! Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Na mama yangu alikuwa anakuja kutoka Vihiga kuonyesha macho kwa daktari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda gari la binti yake. Nilitaka aone dashibodi safi, kama ya mtu aliyefanikiwa. Basi nikachukua bisibisi, nikakitoa kiboksi mahali Mzee Wanyonyi alipokiweka, nikavuta waya kwa nyuma, nikakifunga ndani ya droo ya dashibodi, ile iliyo mbele ya magoti ya abiria. Droo hiyo sakafu yake imeinama, kwa hiyo kiboksi kikalala chali kikitazama paa. Kiliwaka taa ya kijani, nami nikasema kinafanya kazi. Nikafunga droo. Sikukumbuka pimamaji, wala zile mara ishirini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilikuwa karibu kuwavunja wengine.

Jumamosi hiyo tulikuwa na harusi Muthangari. Trela ilijaa viti, mahema na vyuma vyake. Mama alikaa kushoto, kitambaa kichwani, mkoba mapajani, akitazama kila kitu kwa heshima. Alipapasa dashibodi akasema ni nzuri. Nilifurahi kama mtoto.

Tukaanza kushuka. Nilikanyaga breki na gari likatii kidogo, kisha nikasikia kitu kizito kikitusukuma mgongoni. Kiboksi kilicholala chali hakikujua kama tunapunguza mwendo. Trela haikuambiwa chochote, nayo ikaja na uzito wake wote. Nikakanyaga zaidi. Harufu ya breki kuungua ikaingia ndani. Chini kabisa, karibu na daraja la kijito, wanawake wa kwaya walikuwa wanavuka barabara kuelekea geti la harusi, wamevaa sare za buluu, wawili wamebeba sufuria kubwa katikati yao. Nilipiga honi. Waligeuka wakatupungia mikono, wakidhani tunashangilia bibi harusi.

Nikakumbuka kijiti. Mkono wangu ukaenda chini ya usukani, ukakuta mashimo mawili ya skrubu.

“Mama,” nilisema, na sauti haikuwa yangu, “fungua hiyo droo. Kuna kijiti. Kivute.”

Mama yangu hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Hakuuliza kijiti gani wala kwa nini. Alifungua droo, macho yake mabovu hayakumsaidia, akapapasa na kukipata. Mtu mwingine angekivuta chote mara moja, magurudumu yangejifunga na trela ingetupindua. Mama alikuwa amekamua ng'ombe miaka arobaini, wakiwemo wakali wanaopiga teke. Alikivuta polepole, akaongeza, akaongeza tena, kana kwamba anamwomba ng'ombe ruhusa. Nikasikia trela ikishika. Ule msukumo mgongoni ukapungua, ukaisha, na badala yake tukawa tunavutwa nyuma taratibu. Tulisimama. Mbele yetu kulikuwa na mmoja wa wale wanawake wa sufuria, karibu mno hata niliona jasho kwenye mdomo wake wa juu.

Nimeishi miaka mingi na nimeona mengi, ila sijaona tena kitu kama kile: mzigo wa namna ile ukitii vidole viwili vya mwanamke mzee asiyeona vizuri. Nilipata hofu, si ya kifo tu, bali ile hofu ya mtu aliyesimama mbele ya jambo kubwa kuliko yeye. Mpaka leo nikilisimulia nywele zinasimama.

Mama alikuwa bado ameshika kijiti. Aliogopa kukiachilia. Akasema kwa utulivu, “Rose, hii kitu ndiyo inatuokoa. Sasa mbona ulikuwa umeificha?”

Nilishuka nikaweka mawe mbele ya magurudumu, ndipo nikamwambia akiachilie.

Viti vilibebwa kwa mikono mpaka getini, na gari likapoa. Jumatatu nilirudi Ngara peke yangu, bila mzigo, mwendo wa kinyonga. Nilimweleza Mzee Wanyonyi yote, hata redio ya jikoni. Nilitegemea matusi. Alirudisha kiboksi mahali pake, akalaza pimamaji, akaniambia niendeshe na kusimama mwenyewe, mara ishirini. Halafu akanishika mkono, ndipo akaupeleka karibu na gurudumu. Lilikuwa na joto.

“Unasikia?” akasema. “Hiyo ndiyo trela inakujibu. Ile siku haikukujibu, na wewe hukuuliza.”

Sasa nikujibu wewe, mwanangu. Kontrola ya kiwandani ni nzuri, tena nzuri sana. Imefungamana na breki za gari lenyewe, inajua umekanyaga kwa nguvu gani, na walioificha walijua namna ya kuificha. Kama pikapu ni yako na utakaa nayo, ichukue. Ila usidanganywe na kitufe. Uliza kama waya zake zinafika nyuma, na kama inaelewana na breki za trela yetu. Ikiharibika pia, si kila fundi ataigusa. Kama gari ni la zamani, au unajua utalibadilisha mapema, nunua ya dukani, utaihamisha uendako. Lakini chukua inayosikia gari likisimama, siyo ile inayotuma umeme ule ule kila mara. Ifungwe sawasawa, ionekane, na mkono wako ukifikie kijiti macho yakiwa barabarani. Atakayeiita redio ya jikoni, mwache aite.

Na yoyote utakayochagua, usiiamini kwa sababu imewaka taa. Pakia mzigo, tafuta mahali tambarare, endesha na usimame mara ishirini, kisha shuka ukaulize magurudumu moja moja kwa mgongo wa mkono. Mzigo ukipungua au ukiongezeka, ipime tena. Maringo yako yaweke kwenye nguo. Huko hayaui mtu.

Mama alituacha akiwa mzee sana, kitandani kwake Vihiga, wajukuu wamemzunguka. Kila nikikumbuka kifo kile kizuri, nakumbuka nilivyokuwa karibu kumnyima.

Siku utakayoshuka Muthangari na mzigo mara ya kwanza, nitakaa mimi kwenye kiti chake. Mungu akupe mteremko wenye nafasi, akupe vidole vipole kama vya nyanya yako, na kila utakapokanyaga, kilicho nyuma yako kikusikie.