Hori la Chupa

Nilishuka Issenye bila mpango wa kukaa. Nilikuwa nimechoka kubeba mizigo Sirari, nikasikia kuna mtu anafyatua matofali kwa chupa. Nilikwenda kuona tu. Nilipoona, nikaomba kibarua.

Chupa zilikuja kwa magunia kutoka hoteli za watalii upande wa Ikoma. Tulizivunja ndani ya pipa kwa mtaimbo, tukazichekecha, tukazichanganya na saruji ili kupunguza mchanga. Zikisagika zikawa unga, zilishika vizuri. Tofali lake ukiligonga linalia. Lakini kutwanga mpaka unga ni kazi, na bosi alikuwa na haraka. Vipande vikubwa kama punje za mahindi navyo viliingia.

"Bosi, hivi vikubwa tusivirudishe kwenye pipa?" nilimuuliza.

"Uliishia darasa la ngapi?"

"La tano."

"Ukifika la sita nitakujibu."

Wenzangu walicheka, nami nikacheka.

Bibi mmoja mjane wa kijiji cha Kisaka aliagiza hori. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwenye ndama anayenyonya, na maziwa hayo ndiyo yaliyomlisha. Tukalijenga hori kwa mchanganyiko uleule, bosi akalipiga niru juu, ule uji wa saruji wa kulainisha, likang'aa kama sahani.

Huku kwetu kila mwenye ng'ombe humpa chumvi, na bosi mwenyewe alikulia zizini. Bibi alimwaga magadi horini. Ulimi wa ng'ombe ni msasa: ulilamba chumvi, ukalamba niru, ukafika kwenye chupa.

Nilipopita tena na mzigo wa matofali ya jirani yake, nilimkuta ng'ombe amesimama katikati ya majani mabichi, mbavu nje, mate yana damu. Ng'ombe huvuta majani kwa ulimi. Ukichanika, anakufa njaa huku malisho yanamgusa magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Njoo umshike kichwa."

Nilimshika. Bibi akamsukumia majani mdomoni. Yalirudi mekundu.

Nilikwenda kumleta bosi. Alipitisha kiganja ndani ya hori, akakitoa haraka, akanyonya kidole.

"Mama, mimi nilikutengenezea hori la maji."

Jirani, aliyekuwa ameegemea uzio, akapaza sauti: "Ng'ombe wa mjane bwana! Hata sahani kapewa ya chupa!" Waliokuja kutazama wakaangua kicheko.

"Mwanangu," bibi alimwambia bosi, "sasa huyu ndama nimpe nini?"

"Mpe maji. Hori unalo."

Bibi hakulia. Alisema ng'ombe achinjwe kabla nyama haijaisha mwilini. Jirani yuleyule akaleta kisu, tukamwangusha, tukamchinja na kumchuna. Nilidhani bosi angeondoka. Alibaki, akakunja mikono ya shati, awahi kuchagua.

"Nikatie paja, mama. Upande usio na mafuta."

Bibi aliinama, akaukata ulimi, akamwekea mkononi hivihivi, bila hata jani la kufungia.

"Wako huu."

Bosi aliupima uzito, akaugeuza, akatazama mikato.

"Ukichemshwa vizuri hauna neno," alisema, akautia kwenye mfuko wake. Kisha akarudia kuomba paja.

Ndama alikuwa amefunguka kamba. Alikwenda moja kwa moja kwenye ngozi iliyotandazwa, akaanza kuisukuma kwa pua, akitafuta chuchu.