Betri Juu ya Kisima Chetu

Mkono wangu wa kushoto uko na vidole vitatu. Viwili vilichukuliwa na betri ya gari la haibridi, lile la petroli na umeme, na aliyenipa hiyo betri nifungue ni muuza magari wa hapa Tala, yule ambaye uwanja wake umepakana na korongo. Aliniambia plagi ya usalama, ile inayokata umeme, ameshaitoa. Hakuwa ameitoa. Nilirushwa mpaka ukutani, nikazinduka zahanati nikisikia harufu ya nyama imeungua, kumbe ni mimi. Kwa hivyo nikimtaja hapa msiniambie nitumie maneno mazuri.

Mimi ni fundi wa injini za petroli tangu niache darasa la saba. Petroli nimeivuta kwa mdomo na mpira, nimenawa nayo mikono. Halafu haibridi za mtumba zikaanza kuja na betri zimechoka, muuza magari akapata kazi nyingine: anazipasua, anachagua seli zinazofanya kazi, zile mbovu anatupa korongoni. Korongo hilo linashuka mpaka mto wetu wa mchanga.

Mto wenyewe ni mkavu sehemu kubwa ya mwaka. Kiangazi tunachimba mchanga mpaka maji yatokeze, halafu tunazungushia nguzo na miiba punda wasiingie. Kisima chetu kinanywesha boma sita. Kikiharibika, kuna bwawa, lakini ni mwendo wa asubuhi nzima, na mama yangu alishaacha kutembea mbali.

Mwaka jana, kiangazi kilipokaza, maji yakageuka. Mke wangu alisema chai inabaki na kitu kibaya nyuma ya ulimi. Mama akaanza kutapika. Mimi sikuuliza mtu, nilijua ni zile betri. Nilienda kwa afisa wa mazingira, akaniambia nilete barua ya chifu. Chifu akaniambia nirudi wiki ijayo, na gari lake lilikuwa limetoka kwa uwanja uleule. Hao ni wawili wa kulaumiwa, wa tatu ni muuza magari mwenyewe.

Basi nikajaza gunia seli za korongoni, nikakusanya wanawake wa boma zote sita, tukaingia kwake saa nne asubuhi. Nikamwaga zile seli mbele ya ofisi yake. Zingine zilikuwa zimepasuka, na kile kinachotoka kinateleza kwa vidole kama sabuni halafu kinawasha. Nikamwambia mamangu anatapika kwa sababu yake.

Hakupandisha sauti. Aliniangalia mkono kwanza.

"Fundi, haya magari yangu yanakunywa mafuta kidogo," akasema. "Wewe moshi wako wa miaka yote hiyo umeuweka wapi?"

"Moshi haujanikata vidole."

Wanawake wakanung'unika. Akaona hatutoki, akachukua funguo, akasema twende huko kisimani tukaone. Nilitembea mbele. Nilikuwa na hamu ya kumwona akiyanywa maji hayo.

Kati yetu kulikuwa na jirani mzee, yule aliyechimba kisima hicho na marehemu baba yangu. Huyo kila mtu humwita mwaitu, yaani mama, hata ambaye hakumzaa. Aliingia kati ya nguzo, akachota na kibuyu, akaweka juani. Juu ya maji kulikuwa na utando wa rangi rangi. Akanusa, akanipa na mimi.

"Hii ni oili, mwanangu."

"Betri haina oili, mwaitu," muuza magari akasema taratibu.

Macho yote yalienda kwa nguzo, na nguzo zilikuwa nyeusi tititi.

Huku kwetu kila mtu hupaka nguzo oili chafu ya gari ili mchwa wasile. Boma, choo, zizi, zote tumepaka. Mimi kwa vile ni fundi, oili sikosi, na kabla ya kiangazi nilikuwa nimezipaka hizo za kisima mara tatu. Iliyobaki nikaimwaga kwa mashimo ya nguzo ishike vizuri. Mke wangu ndiye alinishikia mkebe. Sasa alikuwa anaangalia mchanga.

"Nguzo ni mimi nilipaka," nikasema.

Muuza magari alianza kutabasamu. Mwaitu akamwambia afunge mdomo, arudi abebe gunia lake, seli zake nazo si maziwa. Akabeba. Baada ya wiki nikazikuta korongoni tena, mahali palepale.

Niling'oa nguzo zote peke yangu. Oili ilikuwa imeshika mchanga mpaka chini, na kila kitu mtoni kinashuka, kwa hivyo huwezi kuchimba upande wa chini. Tulichimba juu. Juu ni karibu na mdomo wa korongo, karibu na zile betri. Kila mtu alijua hivyo, tukachimba.

Nguzo za sasa sijapaka. Mchwa wanazila, nabadilisha. Mama ameacha kutapika, lakini kabla hajanywa ananusa kikombe kwanza, nikiwa nimekaa pale mbele yake, halafu ananiambia hakuna kitu. Oili inanuka. Sumu ya betri hainuki, na mimi namwangalia akimeza.