Merina na ng'ombe 341 waliobadilishiwa wenye mali kwa amri moja

Saa mbili na nusu asubuhi, ng'ambo ya mto upande wa Lupiro, Merina Lihame amesimama katikati ya boma, mabuti yamezama kwenye samadi, simu mkononi. Anasoma namba ya hereni iliyo kwenye sikio la mtamba mwekundu asiyetaka kabisa kusomwa.

"Huyu wa nani?" anauliza.

"Wa mjomba wangu, yuko Mngeta," anajibu kijana aliyemshika mtamba pembe.

"Na anakaa kwa nani?"

"Kwetu hapa."

Merina anagusa simu mara mbili, anahamia ng'ombe mwingine. Maswali ni yale yale mawili, kwa kila mnyama, kuanzia asubuhi hadi jua liwe kali. Nilipomuuliza kama hachoki, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama hachoki kupumua.

"Zamani nilidhani swali moja linatosha," anasema. "Kwa sababu hiyo mama mmoja alikaribia kupoteza ng'ombe kumi na wawili. Kosa lilikuwa langu, wala sitafuti wa kumsingizia."

Merina, mwenye umri wa miaka 34, ni karani wa rejesta wa umoja wa wafugaji na wakulima wenye ofisi ya vyumba viwili mjini Ifakara. Analipwa shilingi 380,000 kwa mwezi. Rejesta anayoitunza ina ng'ombe 4,316 kutoka maboma 212. Ng'ombe wakiingia shamba la mpunga, rejesta ndiyo inayosema aitwe nani. Chanjo ikija, ndiyo inayosema nani bado. Na mfugaji akitaka kuhamisha mifugo, ofisi humpa orodha inayotoka humo humo.

Zamani rejesta hiyo ilikaa kwenye kompyuta moja chini ya meza ya ofisi. Mwaka 2021 maji ya mafuriko yaliingia ofisini na kompyuta ikayanywa. Merina alikaa miezi mitatu akiingiza upya kila kitu kutoka kwenye madaftari yaliyokaushwa juani, mengine kurasa zimegandana.

"Nikasema, mimi sitatunza tena mashine. Nitatunza majina," anakumbuka.

Alianza kujisomea kwa simu, kwa bando lake mwenyewe, habari za kanzidata, hifadhi za taarifa, zinazokaa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni kubwa zilizo mbali, unazozifikia kwa intaneti. Akagundua kuna aina ambayo kampuni yenyewe ndiyo inayosimamia mashine: inaziba mianya, inachukua nakala kila siku, na mashine moja ikifa inawasha nyingine. Wewe unaleta majedwali yako tu.

Nakiri kwamba hapo nilipotea. Merina akacheka, akanirahisishia.

"Ni kama kupanga chumba. Paa likivuja, mwenye nyumba anapanda juu yeye. Lakini ukiunguza ugali, huo ni wako. Hawezi kuja kukuonjea."

Mwenyekiti wa umoja, Valeriani Ngwira, anasema kamati ilichukua mwaka mzima kukubali. "Wazee waliuliza, ng'ombe wetu wanapelekwa wapi? Tukawaambia, ng'ombe wanabaki, wanaokwenda ni majina. Wakasema basi, hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Walikubali hatimaye. Na kwa mwaka na nusu hakuna aliyelalamika.

Kisha ikaja Jumatano moja ya Machi, mwaka juzi. Merina alikuwa akipitia jedwali la ng'ombe, akaona jambo lililomkera. Katika safu mamia, boma lilikuwa la mtu mmoja, na mwenye mali alikuwa mtu mwingine.

"Nikaona ni uchafu. Nikasema, makarani wa zamani walikuwa wazembe hawa! Nikaandika amri moja: mwenye boma ndiye awe mwenye ng'ombe. Ilikuwa saa nne asubuhi. Sekunde mbili, kazi imeisha. Nilifurahi, nikaenda kunywa chai."

Hakuwa ameona uchafu wowote. Alikuwa ameona desturi ya watu. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni hawaweki ng'ombe wao wote pamoja. Wanawagawa, watano kwa kaka, kumi kwa mkwe, ili ugonjwa au ukame ukipiga boma moja, mtu asibaki mikono mitupu. Anayewatunza anakunywa maziwa. Ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe.

Merina ni binti wa mkulima wa mpunga, Mpogoro. "Kwetu mpunga ulioko ndani kwako ni wako. Sikufikiria hata dakika moja kwamba ng'ombe wana habari nyingine. Ningemuuliza mtu mmoja tu! Mmoja!"

Jumanne iliyofuata, saa saba mchana, mjane aitwaye Kija Ng'wandu aliingia ofisini akiwa na vumbi mpaka nyusi. Ng'ombe wake kumi na wawili, walioachwa na marehemu mumewe, walikuwa wakitunzwa na shemeji yake, Masanja. Masanja alikuwa amechukua orodha ofisini kwa ajili ya kuhamisha mifugo kupita Mlimba, hadi Masagati, kutafuta malisho. Orodha ilisema wote ni wake. Safari ilikuwa Alhamisi.

"Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia," anasema Merina. "Akaniuliza, 'Mwanangu, mume wangu nilimzika. Na ng'ombe wake umewazika lini?'"

Merina alifungua rejesta mbele yake. Hereni ya kwanza: Masanja. Ya pili: Masanja. Alipofika ya nne alielewa alichofanya.

Akakumbuka nakala. Kampuni inaweza kukurudishia kanzidata ilivyokuwa dakika yoyote unayoitaja, lakini kwa siku zile tu ulizopanga zihifadhiwe. Yeye aliacha mpangilio aliokuta alipoanza, siku saba. Amri aliitoa Jumatano saa nne. Sasa ni Jumanne saa saba.

"Zilibaki saa ishirini na moja. Mama Kija angesema aje kesho mchana, leo nisingekuwa na la kukwambia."

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Aliunganisha laptopu na simu yake, akamwomba Kija akae, akaomba kanzidata ya saa tatu na dakika hamsini ya Jumatano ile. Hairudi juu ya ile unayoitumia, anaeleza. Inafunguliwa nyingine pembeni, nzima, kama ilivyokuwa. Ilichukua dakika arobaini. Kija hakuondoka, wala hakunywa maji aliyopewa.

Ilipofunguka, jina la Kija lilikuwepo mara kumi na mbili.

Mtu mwenye papara angehamia kwenye ile ya zamani na kushukuru Mungu. Lakini katika siku zile sita Merina alikuwa ameingiza chanjo za ng'ombe zaidi ya mia sita wa Mngeta, na hizo zingepotea. Akaweka majedwali mawili kando kwa kando, akalinganisha, akarudisha jina la mwenye mali peke yake, hereni kwa hereni. Waliobadilishiwa mwenye mali walikuwa ng'ombe 341. Wenyewe walikuwa watu 78, na zaidi ya nusu yao wanawake.

Mwenyekiti Valeriani anakiri kwamba alitaka jambo liishie hapo. "Nilimwambia, Merina, umesharekebisha, nani atajua? Akanijibu, 'Nitajua mimi, mzee. Na orodha mbaya ziko mikononi mwa watu.' Ana kichwa kigumu huyu binti. Nilikasirika, nisikufiche."

Merina alisimama mbele ya mkutano wa wanachama, akasoma majina yote 78. Alipewa barua ya onyo, anayo mpaka leo. Orodha nane zilizotolewa wiki ile zilirudishwa na kuchanwa, ya Masanja ikiwa ya kwanza.

Nilimkuta Masanja bomani kwake, mtu mrefu, mpole kuliko nilivyotarajia. Nilimuuliza kama alidhani kweli ng'ombe wale ni wake. Alichora ardhi kwa fimbo.

"Nilijua ni wa shemeji," akasema. "Karatasi iliponipa, nilinyamaza. Ndiyo ukweli wenyewe."

Kwa kweli jibu hilo lilinichoma kuliko uongo ambao ningeutegemea.

Tangu hapo rejesta ina majedwali matatu yanayounganishwa kwa namba: watu, maboma na ng'ombe. Ng'ombe anamwelekea mwenyewe kwa mkono mmoja na boma kwa mkono mwingine, na hakuna amri inayobadilisha mwenye mali bila watu wawili kuthibitisha. Nakala zinakaa siku 35, kiwango cha juu ambacho kampuni inaruhusu, na kila mwisho wa mwezi Merina anashusha moja na kuiweka yeye mwenyewe.

"Wale wenye mashine hawajakosea hata siku moja," anasema. "Walitunza vizuri sana upuuzi wangu."

Anachotaka sasa ni kufundisha makarani wawili, mmoja Mngeta na mmoja Masagati, wanaojua Kisukuma vizuri. Na anataka kila mwenye ng'ombe aweze kuiuliza rejesta bila kupitia kwake: unatuma namba ya hereni kwa simu ya kawaida, unajibiwa jina la mwenyewe. Ameanza majaribio mwezi huu, na mtu wa kwanza aliyemchagua kujaribu ni Kija.

Nawakuta wawili hao bomani kwa Masanja, mwenyewe akiwapo. Kija hajui kusoma, hivyo anataja namba kwa kumbukumbu, Merina anatuma kwa simu ya mama huyo, ujumbe unarudi, Merina anausoma. Kija Ng'wandu. Kija Ng'wandu. Wameshafika kumi na watatu, kwa sababu mmoja amezaa, na Merina anadhani wamemaliza, anampa Kija simu yake. Masanja amejitenga, anajifanya anakagua kamba ya ndama.

Kija anamrudishia simu.

"Anza tena wa kwanza, ng'wanawane, mwanangu," anasema. "Na upaze sauti. Shemeji yangu yuko mbali, hajasikia."